Kona ya Shemeji

Ukimwona mwashi huyu akienda kazini, mwiko mkononi na kifua mbele, utadhani hajawahi kuumwa hata kichwa. Thubutu! Miaka mitatu nyuma kinga ya mwili wake, badala ya kupigana na maradhi, ilimgeukia na kumshambulia ubongo. Usingizi ulimpaa, akamtuhumu mkewe kwamba anamtilia sumu kwenye chai, kisha akaanguka kifafa. Mtaa mzima ukasema karukwa na akili. Mkewe hakuwa na muda wa mtaa. Alimkimbiza hospitali, akapimwa maji ya uti wa mgongo, akatundikiwa dripu za kuituliza hiyo kinga iliyopotoka.

Akatoka mzima wa mwili, na hapo ndipo kasheshe ilipoanza, maana mtu mwenye mashavu yake hasadikiwi akisema kichwa kimechoka. Akarudi kazini mapema mno, chini ya shemeji yake, kaka wa mkewe, aliyekuwa msimamizi wa ujenzi. Siku moja alijenga ukuta wa chumba, umenyooka safi, ila alisahau kuacha nafasi ya mlango. Wenzake walicheka mpaka wakakaa chini.

"Tutaingilia dirishani, Bwana Mlango," walimwambia, na jina likamganda.

Shemeji akamshusha cheo: kubeba maji na kukoroga saruji. Hilo lilimuuma kuliko sindano zote, kwani yeye alikuwa msimamisha kona. Kona ni kazi ya fundi aliyeiva. Wengine hufunga uzi kutoka kona hadi kona na kujaza tofali katikati. Kona ikienda upande, nyumba nzima inaenda upande.

Basi akaanza upya uani kwake. Alipanga tofali, akabomoa, akapanga tena, akitamka kila hatua kwa sauti kana kwamba anamfundisha mgeni. Mkewe alishika timazi, ule uzi wenye kizito wa kupimia wima wa ukuta, wala hakuwa na huruma.

"Umelalia kushoto, baba. Bomoa."

Kichwa kilipochoka alilala mchana kweupe bila kuona haya. Mwaka ukapita hivyo, ukaja mwingine.

Asubuhi moja akamfuata msimamizi.

"Shemeji, nipe kona."

"Na mlango je?"

"Nitautaja mpaka uchoke kunisikia."

Mafundi waliosikia walicheka, lakini shemeji hakuwa na utani moyoni. "Ikipinda, usiniombe tena."

"Sitakuomba."

Alijenga huku akijisemea, wenzake wakimwigiza. Mchana alijilaza kivulini, akaamka, akaendelea alipoachia. Jioni shemeji alipanda juu, akateremsha timazi, akaingoja itulie. Akahamia upande wa pili, akapima tena, taratibu, kama mtu anayetafuta kosa.

Mwashi alisimama na mikono yake yenye saruji.

Shemeji aliteremka. Aliwageukia mafundi wengine.

"Leteni uzi. Mnafunga kwenye kona yake."