Bei ya Ngamia Chini ya Shuka

Kitabu chetu cha jiografia kina jedwali la uchumi wa nchi nzima, na nimelifungua mara nyingi mpaka ukurasa umeanza kuchomoka. Kahawa ina safu yake, chai safu yake, pareto, mkonge, mahindi. Sehemu za wenzetu zimejaa tarakimu mpaka zinabanana. Mstari wa kwetu, kutoka hapa Garissa hadi Mandera, una vistari vitupu. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, wameandika: hakuna taarifa.

Mwalimu wa jiografia ametoka Kenya. Huku kwetu ndivyo tunavyosema juu ya mtu aliyetoka ng'ambo ya mto, kana kwamba sisi tuko nchi nyingine, na neno hilo peke yake, siku hizi za vita vya serikali na waasi inaowaita shifta, linaweza kukupeleka kituo cha polisi. Siku tulipofika kwenye jedwali hilo aligonga mstari wetu kwa chaki.

"Hawa watu wanakula nini? Mchanga?"

Darasa likacheka. Walicheka hata watoto wa kwetu, na hao ndio walionichoma zaidi.

"Jibuni basi, wadogo wa shifta! Au mnakula risasi?"

Mimi sikucheka wala sikujibu. Mbele ya watu ulimi wangu huganda. Ndiyo maana naandika. Nyumbani wananiita bubu, kwa upole kidogo. Shuleni wananiita hivyo hivyo bila upole.

Nadhani ni kwa sababu ya ububu huo mkuu wa shule alinichagua mimi alipokuja yule mtafiti kutoka Nairobi. Nilisimama mlangoni nikawasikia. "Mchukue huyu, Kiswahili chake kizuri na hana mdomo." Mtafiti alikuwa kijana mwenye miwani na tai, tai kabisa, katika jua lile. Alitumwa kuandika hali ya uchumi ya wilaya: watu wanaishi kwa nini, wanauza nini, kwa bei gani. Serikali ilikuwa inawakusanya wafugaji kwenye vijiji vya ua wa miba vilivyolindwa na askari, na ilitaka kujua watu hao watakula nini humo. Walianza na ua. Maswali yakaja baadaye.

Sikutaka kwenda. Sababu yangu ilikuwa moja, nayo ni abti, ndugu wa mama yangu. Tangu baba afariki, sisi tunakula jasho lake. Yeye ni dalali katika soko la mifugo. Dalali hana duka wala mizani, ana mkono wake tu. Muuzaji anampa mkono chini ya shuka, anambana vidole, na vidole ndivyo vinavyotaja bei. Abti anageuka kwa mnunuzi, shuka inafunika tena, vidole vinajibu. Watu wanaangalia nyuso na hawaoni kitu. Mtu akiuza kwa shida yake, jirani hajui amepata kiasi gani, na mnunuzi hawezi kumbana muuzaji anayefuata kwa bei ya shida ya mwenzake. Dalali akitoboa bei, au mkono wake ukikubali kisha usitimize, hakuna atakayempa kamba ya mbuzi hata mmoja. Nami sasa nilikuwa natakiwa kuingia soko hilo nikiongozana na mtu wa serikali aliyekuja kuuliza bei.

Tulifika na Landrova, na askari mmoja nyuma. Soko lilikuwa dogo. Kwa ajili ya kafyu na vibali watu wengi waliogopa kusogeza mifugo, na wengine mifugo yao ilishapigwa risasi visimani. Tuliposhuka mazungumzo yakakatika. Kijana mmoja ninayemfahamu, tumesoma naye chuo cha Kurani, akatema mate karibu na kiatu changu.

"Karibu, karani," akasema kwa Kisomali. "Umeleta na bunduki yako?"

Mtafiti akafungua ubao wake wenye fomu. "Muulize yule mzee ngamia wake anauza ngapi."

Mzee mwenyewe alikuwa ametoka upande wa Hulugho na ngamia jike, kwa miguu, mbavu za ngamia na za mwenyewe zikionekana. Nilimuuliza kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia vizuri. Akanitazama kama niliyemvua nguo.

"Mwambie aniulize mama yangu alikufa kwa ugonjwa gani, hilo nitamjibu."

"Amesemaje?" akauliza mtafiti.

"Amesema hajui bado."

"Hajui bei ya ngamia wake mwenyewe?" Akacheka, akaandika kitu. "Ndiyo maana hawaendelei."

Abti akasogea. Hakunitazama. Kiswahili chake ni cha sokoni, lakini anakitumia na kila mtu wa ofisi. "Bwana mkubwa, salama? Hapa bei hapana ya mdomo. Bei ya mkono."

"Mkono vipi?"

Abti akaingiza mkono chini ya shuka, akaushika wa yule mzee, akamwonyesha mtafiti. Kuonyesha tu. Mtafiti akavutiwa. Kabla sijafungua kinywa akamnyooshea abti mkono wake chini ya shuka, huku anacheka na kumwangalia askari kama mtu anayetaka kupigwa picha. Na mtu akileta mkono wake mwenyewe chini ya shuka ya dalali, mtu huyo ananunua. Hakuna mtoto wa Garissa asiyelijua hilo. Watu wa serikali hununua pale kila mara, nyama ya kambi inatoka pale pale, kwa hiyo abti hakuwa na sababu ya kushangaa. Akambana bei ya kufungulia, ile ambayo kila mnunuzi huipunguza. Mtafiti, akidhani anafundishwa, akabana vile vile.

"Ndiyo?" abti akauliza, na nyusi zake zikapanda.

"Ndiyo, ndiyo! Nimeelewa kabisa."

Abti akautoa nje mkono wa mtafiti na kuupiga kiganja mbele ya watu. "Barakallah," wakasema waliosimama. Mzee wa Hulugho akamkabidhi mtafiti kamba ya ngamia.

"Hii ya nini?"

Nilijua, na ulimi ukaganda.

"Warya! We kijana!" askari akanisukuma begani. "Tafsiri!"

"Umenunua," nikasema.

Kwanza akacheka. Kisha alipoona hakuna mwingine anayecheka akaiachia kamba ikaanguka mchangani. "Mimi sinunui ngamia. Mimi ni mtafiti. Waambie ilikuwa mfano tu, mchezo."

Nikawaambia ilikuwa mchezo. Nilisema mimi, kwa kinywa changu, kwa hiyo kelele zote zikanijia mimi. Mzee akapiga magoti mbele ya kamba yake bila kuigusa. "Nimetembea mpaka hapa nichezewe?" Watu wakaanza kusogea, na askari akakoki bunduki. Sauti hiyo tumeizoea. Hata ngamia waliinua vichwa.

"Rudini nyuma, mashifta nyinyi! Rudi!"

Abti akainama, akaiokota kamba.

"Mkono imekubali," akamwambia mtafiti, polepole kabisa. Kisha akamgeukia mzee kwa lugha yetu: "Ngamia huyu ni wangu. Kwa bei ile ile."

Nani angenunua ngamia kwa bei ya kufungulia, katika ukame, na barabara zimefungwa? Hakuna. Abti alitoa alichokuwa nacho, kisha akaongezea ng'ombe wetu wa maziwa. Mama alimtazama ng'ombe akitolewa uani, akaniuliza, "Ni kwa ajili ya yule bwana wako?" Nilimchukia mtafiti, na nikamchukia askari. Na nitasema kweli, nilimchukia hata abti, kwa mkono wake ule usioweza kusema samahani ilikuwa mchezo. Jioni hiyo tulikunywa chai ya rangi.

Baada ya magharibi abti akaniita kwenye mkeka. Nilidhani atanipiga. Akatandaza shuka juu ya magoti yetu, akaushika mkono wangu chini yake, akanibana vidole, kimoja kimoja, kisha kiganja chote.

"Umejua?"

"Nimejua."

"Sasa bei hiyo tunaijua watatu, mzee, mimi na wewe. Yule mwingine alishika asijue alichoshika. Watakuuliza."

Kisha akakunja shuka yake.

Waliniuliza asubuhi iliyofuata. Mtafiti alikuwa katika ofisi ya mkuu wa shule, fomu mezani, imejaa karibu yote: wingi wa mvua, umbali wa visima, majina ya miti. Palibaki pengo moja.

"Kijana, nisaidie nimalize niondoke kwenye joto hili. Ile bei niliyoshika jana ilikuwa ngapi?"

Nikaitazama ile fomu.

"Yule dalali ni mjomba wako, nimeambiwa. Amekwambia. Ni namba tu! Unajua nikiandika kwamba huku ngamia ana bei nzuri, watu wenu watafaidika?"

Labda alisema kweli. Nililifikiria hilo nikiwa nimesimama pale, na bado nalifikiria. Lakini akilini niliwaona pia wale waliotujengea ua wa miba wakiisoma bei ile na kusema, kumbe hawa wana mali. Tena haikuwa bei. Ilikuwa ng'ombe wetu.

"Unajibu au hujibu?" akafoka mkuu wa shule. "Nilimwambia mgeni wewe una adabu!"

"Ndivyo walivyo," mtafiti akasema. "Mtu anatoka Nairobi kuja kuwasaidia. Wanajinyima wenyewe."

Mkuu akaniambia nitoke nikamsubiri nje, na nilijua nasubiri fimbo. Lakini nilichelewa kidogo mlangoni, kwa kuwa mtafiti alikuwa amechukua rula. Akaiweka juu ya pengo, akavuta kalamu polepole asichafue karatasi, akapuliza wino ukauke. Kistari. Miaka yote nilidhani vistari vya kitabu vinatokana na kwamba hakuna aliyekuja kutuuliza.

Bei yenyewe hata hapa siiandiki. Siku ya soko iliyofuata abti alirudi mahali pake, na kabla jua halijakolea mtu alishampa mkono. Mimi hakuna aliyenisalimia. Yule kijana wa chuo aliniita karani tena, nami nikapita. Na mwalimu wa jiografia alipofungua tena ukurasa ule na kuuliza tunakula nini, darasa likacheka kama kawaida. Sikuinua kichwa. Chini ya dawati nilikuwa nimevikunja vidole vyangu, kimoja kimoja, kisha kiganja chote.