Mvua ya Rumonge na Majina ya Baba Mukubwa

Dada yangu Zaina alitaka kuolewa. Baba yetu alishakufa, basi mwenye kumuozesha iko mmoja tu: Baba Mukubwa Rajabu wa Rumonge. Wajumbe walimufuata, wakarudi na ndagala tu, dagaa wakavu wa ziwa. Mama akanituma mimi. "Weye umesoma shule ya Wadachi, utamushinda maneno." Kweli nilisoma: kupiga saluti na kula kiboko.

Alfajiri tukaondoka Usumbura kwa mutumbwi. Wapiga kasia waliimba. Mimi nilitapika kwa kuitikia.

Muhuta tukala muhogo. Minago tukalala. Wenyeji wakauliza naenda kwa nani.

"Kwa Rajabu? Wale wenye kukimbia mvua?"

Wakacheka. Nikacheka kuwashinda, kama vile si ukoo wangu.

Rumonge, mchana. Watu wenye akili wamejenga karibu na samaki. Wa kwetu wako kileleni, kusudi kusiwe na kitu cha kuwaangukia. Zamani, mimi bado nanyonya, mvua iliangusha mulima juu ya kijiji chao huko ng'ambo. Waliobaki wakavuka ziwa, na mulima wakaubeba.

"Amahoro, Baba Mukubwa. Zaina anakungoja."

"Mvua zikiisha."

"Mwaka jana ulisema vilevile!"

"Kwani ziliisha?"

Ugali haujaiva, mvua ikashuka. Dunia nzima watu huingia ndani. Wa kwetu wakatoka nje, hata wagonjwa, wakasimama wanaloa, kusudi udongo usiwakute ndani. Baba Mukubwa akaanza kuita majina. Kila mutu: "Niko!" Akafika kwa Sadiki, mutoto wake aliyebaki chini ya udongo. Mama Mukubwa, mke wake, akanifinya.

"Itika, mupumbavu! Aliyekuwa akimuitikia amehama."

"Niko," nikasema. Sikufanya mzaha.

Baba Mukubwa akashusha mabega. "Sasa nikienda, nani ataita?"

Mudomo wangu huu! "Mimi. Shuleni niliita majina kila asubuhi."

Basi yeye akaenda kula pilau ya harusi, mimi niliyetumwa kumuleta nikabaki kilimani kama mbuzi aliyesahauliwa. Kila mvua niliita wazima na wafu, sikuruka mutu.

Aliporudi, hata salamu hakutoa. "Waliitika?"

"Wote."

"Na Sadiki?"

"Sadiki alipiga kelele kupita wote."

Akacheka. Mama Mukubwa akaacha kupepeta, akamuangalia.

Nimesharudi Usumbura. Watu wananiuliza kama wale wa Rumonge wamepona hofu ya mvua. Nawajibu: muulize mulima. Jana mvua ilinyesha, Zaina alikuja kututembelea, akanikuta uani naloa chapachapa, nalitaja jina lake.

"Niko jikoni, mwendawazimu!"

Ndipo nikaingia.