Jina Ambalo Sikuliombea

Namshukuru Mungu kwa mkono huu wa kulia, maana sikuuomba, nao umenilisha miaka mingi. Naandika majina kwa kalamu ya kuchovya na brashi: vyeti vya ubatizo, vya kipaimara, na zaidi ya yote vibao vya misalaba ya makaburi. Hapa Kihesa, Iringa, watu wanajua utaratibu wangu. Anayeleta jina la marehemu hukaa kwanza, akanisimulia habari moja tu ya mtu huyo. Kisha namwombea kwa jina lake, ndipo nachovya brashi. Ndiyo maana watu wakiona mwandiko wangu kaburini husema, huyu ameombewa.

Mwaka jana, baada ya mavuno, nilikwenda Kalenga kwenye mazishi. Mama mmoja mjane alinifuata, akanishika mikono yote miwili.

"Kamwene, babu. Asante kwa kumwombea baba watoto."

Sikumkumbuka. Akanipeleka kwenye kaburi la mumewe. Kibao kilikuwa cha bati, na jina limeandikwa kwa herufi zangu kabisa. Nikainama. Herufi a zilikuwa nne, zote zina mtetemo uleule mguuni. Mkono wangu haujawahi kuandika a mbili zinazofanana. Nikakwangua pembeni kwa ukucha, ikabanduka. Ilikuwa stika.

Akanieleza kwamba shemeji yake aliiagiza Mbeya, kwenye duka la mabango. Huko aliambiwa ni mwandiko wa yule mzee wa Iringa, na sala ameshasali.

Nimefundishwa kusamehe, nami husamehe kila asubuhi kabla ya chai. Lakini siku ile nilishindwa. Wiki hiyohiyo nilipanda basi kwenda Mbeya. Mwenye duka alinikaribisha kiti kwa adabu, akakiri bila haya kwamba alipiga picha vyeti nilivyowaandikia ndugu zake wa Kilolo, akazikata herufi kwenye kompyuta.

"Mzee, herufi ni herufi," alisema. "Mimi nimekupunguzia kazi tu."

Nikamwambia herufi achukue. Hata mimi nilifundishwa na mtu. Lakini sala, nani alimruhusu kuiuza? Amemwambia mjane kwamba mumewe ameombewa na mtu ambaye hata jina la marehemu hakuwahi kulisikia. Akacheka kidogo, akasema wateja ndio wanaopenda kuambiwa hivyo.

Nilirudi Kalenga kumwambia yule mama ukweli.

"Kwa hiyo miezi yote hii amelala hivihivi?"

Nikamwambia mchungaji alimwombea siku ya mazishi, na Mungu hasubiri brashi ya mtu.

"Hilo nalijua, babu. Lakini niliambiwa nawe pia umemwombea."

Basi nikamwomba anipe ile habari moja. Akasema mumewe, wakati wa palizi, alikuwa akianza na shamba la jirani mgonjwa kabla ya kugusa la kwake. Nikamwombea kwa jina, mbele ya mkewe. Nilitaka kuibandua ile stika, akanikataza. Shemeji yake angeona aibu. Kwa hiyo nikapitisha rangi juu yake, herufi kwa herufi, mkono wangu ukifuata kile kilichoibwa kwangu, na hasira bado ninayo. A ya mwisho ikatoka nje ya mstari. Nikaiacha hivyo.