Mdomo Uliopinda

Fundi huyu ameshona nguo tangu ujana wake, na mikono yake haivumilii kitu kilichokaa upande. Ukipita mlangoni pake na kola imepinda, atakuita akuwekee sawa, hata kama hamjuani.

Mumewe alipopata kiharusi, mdomo ulikwenda kushoto na jicho moja likalegea. Miguu ilirudi, ulimi ukarudi, uso ukagoma. Bwana aliyekuwa akichekesha duka zima akajifungia chumba cha nyuma, akafunika kioo kwa taulo, akakataa kupigwa picha hata ya simu. Mkewe akapiga moyo konde: kama hataki kamera, atamchora yeye mwenyewe. Walilala kitanda kimoja, lakini alimkumbuka kama mtu aliyesafiri.

Akaenda kwa mwalimu mstaafu wa uchoraji, mtaa wa pili. Mwalimu akamwekea nakala ya picha ya zamani ya rangi za mafuta: bibi kizee mwenye kilemba cheupe, amechorwa vile vile alivyokuwa, makunyanzi na yote.

"Nakili unachokiona, mama, si unachokitaka," alisema, akaenda kuchemsha chai.

Fundi alinakili kama anavyokata shati. Alishusha mstari wa chaki katikati ya uso, akapima upande mmoja kwa futi yake, kisha akahamishia vipimo vile vile upande wa pili. Kilemba kilitoka vizuri mno. Mwalimu aliporudi alicheka hadi chai ikamwagika.

"Bibi huyu jicho la kulia liko chini, na taya limemwendea upande. Vimekwenda wapi?"

"Nimemrekebisha."

"Nani kakutuma?"

Fundi akakwangua rangi kwa kisu, akaanza upya. Kila brashi ilipofika kwenye jicho lile, mkono ulilipandisha. Kilichomshinda hakikuwa rangi, kilikuwa huruma. Mwishowe mwalimu akageuza picha na turubai kichwa chini, fundi asione bibi, aone vivuli tu. Jicho likakaa mahali pake.

Mumewe alibembelezwa sana hata akakubali kuketi. Fundi alichora akiwa amekunja uso, midomo imebana kama ameshikilia pini. Alipomaliza akamgeuzia turubai.

Bwana aliinama akaitazama.

"Kijana mzuri," alisema. "Namkumbuka. Mimi sasa umeniweka wapi?"

Mdomo kwenye picha ulikuwa umenyooka. Fundi aliona aibu, akalia, naye si mtu wa kulia. Kisha akachukua kisu, akaukwangua.

"Tulia hapo hapo," alisema.

"Basi niangalie. Tangu niugue unazungumza na paji la uso wangu."

Ilikuwa kweli. Naye mume huwezi kumgeuza kichwa chini. Ikabidi amtazame mdomo, polepole, mpaka ukawa mdomo tu, wenye kivuli chake na unyevu kidogo pembeni. Akauchora ulivyo.

Picha ilitundikwa dukani, juu ya cherehani. Asubuhi iliyofuata bwana aliondoa taulo kwenye kioo, akanyoa ndevu, akaja dukani na kiti chake, akaketi chini ya picha. Mteja akitazama juu, kisha chini, kisha akajitia kutafuta vifungo, bwana humtolea uvivu:

"Linganisha vizuri, ndugu yangu. Ukiona mahali kaninyoosha, niambie nimrudishie fundi kazi yake."