Bibi Tatu Alala Getini

"Geti la kunizuia mimi bado halijachomelewa, Ntwara nzima!" Bibi Tatu aliyasema hayo mbele ya wageni waliokuja kugawa sabuni na kupiga nazo picha. Mgeni rasmi alicheka. Bi Sabina, msimamizi wa makao yetu ya wazee huku Likombe, hakucheka, kwa sababu funguo za geti lenyewe zinaning'inia kiunoni kwake.

Makao ya Tulizo ni mahali pazuri kwa kutazamwa. Wazee wamevalishwa sare za kijani kama miche ya mikorosho kwenye kitalu. Kuna kengele ya uji, kengele ya kufagia, na kengele ya kulala huku jua bado linaonekana. Wanaume bweni la kushoto, wanawake la kulia. Asiyefagia uwanja haongezewi mboga. Bibi Tatu alilima mikorosho yake mpaka mgongo ukamkatalia na watoto wakapotelea Dar. Hapa alifagia sehemu yake huku akiisema kengele kama mke mwenza.

Faraja yake ilikuwa Mzee Jafari, mdogo wa marehemu mume wake. Shemeji, na kwa hiyo mtani. Kila asubuhi walisalimiana kwa matusi.

"Wewe bado tu? Nimeshachambua mchele wa matanga yako!"

"Ule wewe, shemeji, unenepe, upate mume kipofu."

Kisha wanagawana ugoro. Bi Sabina kwao ni mbali, milimani huko. Alisikia matusi, akaona ugomvi. Akawatenga meza, halafu akamkataza Mzee Jafari kuvuka uwanja. Tulimweleza kwamba ule ni utani, kwamba siku shemeji akimwamkia shemeji kwa adabu ndipo uite wasuluhishi. Akasema hapa ni makao, si kilabu cha pombe.

Mzee Jafari alikaa meza yake mpya akinusa ugoro wake peke yake. Haikupita wiki, akafa.

Msiba nao una sheria yake Tulizo: wazee hawatoki, maana mmoja aliwahi kuanguka makaburini. Maiti anaoshwa, anaswaliwa na watu wa kuitwa, pikapu inaondoka. Watu wasiomjua wanamfukia, wanarudi kula chakula cha mchana. Bibi Tatu aliomba shemeji yake azikwe na wenzake. Akajibiwa, "Bibi, nenda kapumzike."

Akaenda. Akapumzika getini, chali, mbele ya pikapu, juu ya sare ya kijani amejitanda kaniki aliyokuwa ameificha sijui wapi.

"Jafari mvivu wewe!" akaliambia jeneza. "Hata kufa umengoja zamu yako ya kufagia!"

Bi Sabina akapiga kelele aitwe nesi. "Amechanganyikiwa kwa huzuni! Rashidi, mzunguke!"

Rashidi, dereva, mtoto wa Mikindani, akazima gari na kuchomoa ufunguo. "Mama, huyo ni mtani wa marehemu. Amezuia msiba, na ni haki yake mpaka apewe anachotaka. Mimi simpiti mtani, hata ukinikata mshahara."

"Sasa anataka nini?"

"Muulize mwenyewe. Msiba uko mkononi mwake."

"Wanaume wote wa bweni la kushoto wapande gari, wakamzike mwenzao," alisema Bibi Tatu, macho juu mawinguni. "Sisi wanawake tukae matanga hapa uwanjani, na hiyo kengele ifungwe kitambaa. Halafu nilipwe ada yangu."

"Huu ni ukorofi!"

"Ndiyo, mwanangu. Umechelewa kuujua."

Hakuna aliyepiga kengele, lakini mabweni yakaanza kutema watu. Huyu na mkongojo, yule kashikwa mkono. Wakapanda pikapu kwa kusukumwa makalio, wakitukanana na kucheka mbele ya maiti, kama inavyotakiwa. Bi Sabina akamgeukia sheikh aliyeitwa kuswalisha, kutafuta msaada. Sheikh akatazama saa yake.

"Maiti hacheleweshwi, mama. Mlipe."

Bi Sabina alifungua geti kwanza, kisha pochi. Akauliza kama atapewa risiti. Bibi Tatu akamwambia risiti ni yeye kunyanyuka, akanyanyuka.

Ada ya mtani kunyanyuka getini ni shilingi elfu tatu.