Wafu wa Kiwanda cha Pamba

Fundi amepasua godoro langu kuukuu leo, na harufu ya pamba iliyolowa jasho miaka mingi imenirudisha Mwanza, kwenye lango la kiwanda cha kuchambua pamba alikofanya kazi baba.

Siku moja Mzungu mmoja mwenye kamera alikuwa akipiga sinema ya wafu wanaofufuliwa na mashine. Mashine yenyewe ilikuwa gurudumu la baiskeli juu ya karai. Hela ya kuwapaka watu poda hakuwa nayo, kwa hiyo alisubiri zamu itoke. Wakatoka, weupe kwa vumbi la pamba mpaka kwenye kope.

"Tutembeeje, bwana?" baba aliuliza.

"Hivyo hivyo mnavyotembea."

Sisi watoto tulicheka mpaka tukakaa chini.

Nyumbani mama hakucheka tulipomsimulia. Alisimama mlangoni akamzuia baba asiingie mpaka aitike, maana msukule, mfu aliyefufuliwa kwa uchawi, haitiki akiitwa.

"Baba watoto!"

Baba alikuwa ameegemea ukuta, macho ameyafumba. Nikashika gauni la mama.

"Baba watoto!"

"Naam," aliitika mwishowe, bila kufumbua macho. "Niko hai, mke wangu. Nimechoka tu."