Kitana cha Bi Mwatum

Wete nzima ilimjua Bi Mwatum kwa vitu viwili, mikono yake na ulimi wake, na aliyeifuata mikono alilazimika kuuvumilia ulimi. Alikuwa msusi na mpambaji wa maharusi, na chumba chake cha uani, nyuma ya soko, ndipo walipopitia maharusi wengi wa mjini. Mwenyewe alikuwa na nywele za mawimbi, nyeusi, zimemteremka hadi kiunoni. Hakuna aliyekaa mkekani kwake asisikie kwamba marehemu mumewe alimposa kwa nywele hizo kabla ya kumwona sura. Marehemu aliziona wapi, nywele za msichana wa Gando aliyefunikwa gubigubi, hakuna aliyethubutu kuuliza.

Mwenye nywele kama zake alipokelewa kwa heshima zote. Bi Mwatum alizilowesha, akazipitisha kitana cha meno mapana kuanzia nchani, akatia mafuta ya nazi kidogo tu, maana nywele za mawimbi zikishiba mafuta hulala. Kisha alizisuka mikia miwili milegevu, akaziacha zikauke zenyewe. Zikifumuliwa, mawimbi yalikaa pale pale alipoyataka. Kazi safi, mwenye haki apewe haki yake.

Mwenye nywele za kujisokota alipokelewa kwa mguno. Hizo ndizo zinazotaka maji mengi, mafuta mengi, na vidole vyenye subira vinavyozungusha msokoto mmoja mmoja, na Bi Mwatum alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Hakulifanya. Alizichana kavu, tokea shinani, goti lake limembana mtu shingoni.

"Hizi si nywele, usumba huu," alisema. "Ungesokotwa kamba ungefaa."

Wenziwe mkekani walicheka, na aliyekuwa akilia akacheka nao, asije akaambiwa hajui mzaha.

Basi mtu akisie mwenyewe jinsi Bi Mwatum alivyopokea habari kwamba mwanawe Abrahman anamtaka Mize, binti wa ukoo uliotoka bara enzi za mababu, mwenye nywele za kipilipili hasa. Harusi ilifungwa kwa sababu Abrahman alikataa kula. Akazaliwa Suhaila. Siku ya saba, siku ya kunyolewa mtoto, Bi Mwatum alishika wembe mwenyewe. Nywele zilipoota zimejisokota akanyoa tena, na tena, akiamini ipo siku zitatoka kama zake. Hazikutoka. Mtoto alikuwa na kichwa cha mamake, na mamake alikipenda. Kila Ijumaa Mize alikilowesha, akakipaka mafuta, akazungusha vidole huku mtoto amesinzia mapajani. Bi Mwatum alipita uani akiwatazama, na roho ikimuuma.

Suhaila alikuwa bado mdogo, anasoma chuoni juzuu za mwanzo za Kurani, shangazi yake Ruweida alipoposwa na watu wa Shumba. Katika ukoo huo, siku bi harusi anapoonyeshwa, watoto wa kike hukaa chini ya miguu yake vichwa wazi, na wageni huwatazama wote. Bi Mwatum alikosa raha kwa kichwa kimoja tu. Wakwe wakikiona, watasema damu ya Ruweida ina nini?

Asubuhi ya siku hiyo alimwita mjukuu chumbani, akatia komeo. Alimfumua kwa ncha ya kitana, mbiombio, akamkwaruza utosi. Sasa, yeye mwenyewe ndiye aliyewafundisha wasusi wa Wete kwamba kichwa kilichokwaruzwa hakitiwi dawa ya kulainisha nywele. Akakitia dawa.

"Bibi, yanichoma."

"Ikichoma ndo yafanya kazi. Tulia weye."

"Yanichoma, bibi! Mama!"

"Subira yavuta heri," alisema Bi Mwatum, akamshika mabega. Misokoto ilikuwa haijalegea, akaongeza dawa.

Nje, Mize aliupiga mlango kwa viganja viwili. "Mama, nifungulie! Nakuomba mama, mwanangu huyo!" Uani walikuwapo wanawake wa shughuli, wanachambua mchele wa pilau. Waliinamisha vichwa wakaendelea kuchambua. Nani aingilie mambo ya Bi Mwatum na mjukuu wake?

Suhaila hakukaa chini ya miguu ya shangazi yake. Nywele zilitoka na maji ya kuoshea, mafungu mafungu, na chini yake ngozi mbichi. Vidonda vilipopona utosi ulibaki unang'aa, hauoti kitu. Bi Mwatum aliwaambia wageni kuwa mtoto ana homa. Abrahman alikula pilau pamoja nao. Mize hakusamehe, wala hakuombwa.

Suhaila akakua, akawa msichana wa sekondari asiyevua ushungi hata ndani, hata kwa joto la kuunguza. Hakuwahi kumtukana bibi yake. Kila asubuhi alimwamkia shikamoo, akaenda zake. Bi Mwatum aliuhesabu huo kuwa msamaha, maana mtu huchukua kinachomfaa.

Kisha Bi Mwatum akapooza upande wa kulia. Mkono wa kitana ukafa, ulimi ukabakiwa na maneno machache, na yale mawimbi, sasa ya kijivu, yakashikana mafundo kwa kukosa kuchanwa. Ruweida akaleta salamu kwamba Sikukuu atakuja na wakwe zake kumtazama mgonjwa. Bi Mwatum hakulilia mkono wala mguu. Alilia asionekane na kichwa kile. Akaonyesha kitana, kisha akamwonyesha Suhaila.

Suhaila alikaa nyuma yake mkekani. Bi Mwatum alifumba macho, akingoja maji. Maji hayakuja. Kitana kiliingia kikavu, shinani, kikavuta mpaka fundo likang'oka. Goti likambana shingoni.

"Ma... maji."

"Tulia, bibi," alisema Suhaila kwa adabu kabisa.

Kitana kikarudi. Nywele za kijivu zikaanguka mkekani, mafungu mafungu. Bi Mwatum alilijua kila kosa, na alijua kuwa hakuna hata moja lililofanywa kwa kutojua. Akapiga ukelele usio na neno.

Mize alitoka jikoni na upawa mkononi, akasimama mlangoni. Mlango ulikuwa wazi. Bi Mwatum alimnyooshea mkono wa kushoto.

"Mwa... mwanangu," alisema, neno ambalo hakuwahi kumwita.

"Subira yavuta heri, bibi," alisema Suhaila, akavuta tena.

Mize alimtazama mkwewe, akamtazama bintiye, ushungi umembana kichwani. Kisha akakumbuka kuwa ana mchuzi motoni, akarudi jikoni.